Blanketi la Mstaafu

Kama kuna mtu aliyewahi kutangaza msimamo wake juu ya mbwa, ni Fundi. Aliutangaza mezani, akautangaza uani, akautangaza hata kwenye harusi ya binti yake mkubwa, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. "Mimi na mbwa hatulali chini ya paa moja," ndivyo alivyozoea kusema, na watoto wake waliijua sentensi hiyo kabla hawajajua kuhesabu. Walimwomba mbwa wakiwa wadogo, akakataa. Walimwomba wakiwa wakubwa, akakataa kwa sauti nzito zaidi. Mtoto wa mwisho alipohama, nyumba ikawa kimya kiasi kwamba saa ya sebuleni ilisikika mpaka jikoni, na mkewe akasema taratibu kwamba labda sasa wangefuga mbwa, hata mdogo tu. Fundi akamuuliza kwani yeye hatoshi. Mkewe alimtazama kidogo, akaendelea kukunja nguo.

Kila chuki ina chanzo chake. Ya Fundi ilikuwa nacho, tena cha aibu. Katika kazi yake ya kutengeneza lifti aliwahi kukimbizwa na mbwa wa mlinzi, mbwa mwenyewe mdogo kiasi cha kuenea kwenye mkoba wa vifaa, akapanda juu ya tangi la maji na kukaa huko mpaka mlinzi aliporudi kutoka kunywa chai. Nyumbani alisimulia kwamba mbwa yule alikuwa kama ndama. Kila mwaka simulizi iliporudiwa, ndama alinenepa.

Alipostaafu, mkono wake wa kulia ulikuwa umechoka kuliko yeye. Ulifanyiwa upasuaji, vidole vikawa vigumu, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa mpira mdogo awe anauminya. Fundi akasema yeye si mtoto wa kuchezea mpira. Mtaalamu, msichana mwenye subira ya kutisha, akavuta droo, akatoa sindano ya kroshia na bonge la uzi wa sufu, akamwambia basi afume. Akawa ameruka majivu, akakanyaga moto. Mzee mzima aliyeona haya kuminya mpira akawa anakaa kibarazani anafuma kofia, na kila jirani akipita, kofia inaingizwa chini ya makalio.

Kazi zake za kwanza zilipokelewa kwa adabu. Binti mkubwa aliishika ile kofia, akaigeuza, akamuuliza baba kama ni ya kubebea vitunguu. Mkwe wake alipewa skafu iliyoanza nyembamba na kuishia pana kama mkeka, akaahidi kuivaa siku maalumu, na siku hiyo haijafika mpaka leo. Mkewe peke yake ndiye aliyeipa kofia kazi ya kueleweka: alishikia sufuria za moto. Fundi alishukuru kimoyomoyo. Kofia ilikuwa imepata ajira ambayo hata yeye hakuwa nayo.

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyemtajia kituo cha wanyama waliotelekezwa, mitaa michache kutoka kwake. Msimu wa baridi ulikuwa unakaribia, na kituo kilipokea kitu chochote cha kufuma alimradi kina joto. Fundi akaona hapa sasa ndipo penye wateja wake. Mbwa hana kioo, hajui mitindo, wala hana siku maalumu. Alijiwekea sharti moja tu, kwamba atafikisha mzigo getini na kurudi. Ndani hataingia, maana msimamo ni msimamo.

Msimamo ulidumu mpaka mvua ya kwanza. Siku hiyo alikaribishwa ndani asilowe, akakalishwa kwenye meza ndefu ambapo wanawake watano walikuwa wanafuma huku wakizungumza wote kwa pamoja. Aliyewaongoza alikuwa mkunga mstaafu waliyemwita Jenerali, ingawa si mbele yake. Jenerali alikagua vitanzi vya sufu jinsi alivyokuwa akikagua watoto wachanga: alikigeuza kitu, akakivuta huku na huku, kisha akakirudisha kwa mwenyewe bila kusema ni kizuri. Alipoiona kazi ya Fundi aliigeuza mara tatu. Mwishowe akasema kwamba nia inaonekana.

Ndipo sauti kutoka jikoni ikaita, "Mstaafu, njoo ule!" na Fundi, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, akasimama. Meza nzima ikacheka mpaka sindano zikaanguka. Mstaafu alikuwa mbwa. Alikuwa mzee wa rangi ya udongo, mdomo umeota mvi, sikio moja limesimama na jingine limekata tamaa, na alikuwa amelinda ghala fulani maisha yake yote mpaka ghala likafungwa na kila mtu akaondoka bila kumwambia. Hakwenda kula. Alimpita Fundi, akarudi, akanusa ule mkono wa kulia kwa makini, halafu akaweka kidevu juu ya kiatu chake na kulala. Fundi hakuthubutu kutikisika. Mguu ulipigwa ganzi, na yeye akauacha upigwe.

Kuanzia siku hiyo alikuwa anakwenda kituoni takriban kila siku, kwa kisingizio cha kupeleka kazi, hata siku ambazo kazi yenyewe ilikuwa soksi moja ya paka. Alirudi nyumbani na manyoya ya kahawia kwenye suruali, na mkewe alipoyaulizia, alisema ni sufu. Mkewe akasema sufu ya siku hizi inanuka mbwa. Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Fundi yeye aliamini kwamba anakohoa kimyakimya.

Kituo kile kilikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa. Kila mnyama alifumiwa blanketi lake peke yake, akalilalia palepale mpaka likajaa harufu yake, na siku ya kuchukuliwa aliondoka nalo. Daktari wa wanyama aliyekiongoza kituo alieleza kwamba mnyama akifika nyumba ngeni na kitu chenye harufu yake mwenyewe, hupata usingizi. Bila blanketi hakuna kuondoka. Hata yule paka wa hasira aliyewauma watu wote, Jenerali akiwa wa kwanza, alisubiri lake.

Blanketi la Mstaafu alipewa Fundi. Aliliomba mwenyewe kwa kujifanya haliombi: alisema kama hakuna mwingine mwenye nafasi, basi, potelea mbali, atalifanya yeye. Akachagua uzi wa kijani, akafuma kwa bidii ambayo hakuwa nayo tangu alipokuwa kijana, na mara hii kingo zilinyooka. Alikuwa amefika nusu Daktari alipopita mezani, uso umejaa furaha, akasema Mstaafu amepata mtu. Mtu mwema, nyumba yake tulivu, amekuja kumwona na amempenda. Kilichobaki ni blanketi tu.

Wote mezani wakapiga makofi. Fundi naye akapiga, lakini kwa kuchelewa, na makofi yake yakabaki peke yake wenzake wakiwa wameshamaliza.

Njia ya kumpata mbwa yule ilikuwepo, tena pana, na mjinga yeyote angeiona: angesema namtaka mimi. Lakini kulisema hilo ni kwenda kulisema nyumbani. Mkewe angesikia. Watoto wangesikia, na lile kundi lao la familia kwenye simu lingewaka moto kwa wiki nzima. Wangemkumbusha harusi. Wangemuuliza ndama anaendeleaje. Fundi alipima mizani: upande huu, mbwa anayempenda, upande huu, sentensi aliyoirudia maisha yake yote mpaka ikawa nusu ya heshima yake. Na kwa akili zake zote za ufundi, akachagua sentensi.

Lakini pia hakukubali mbwa aende. Kwa hiyo alianza kufumua.

Mchana alifuma kituoni mbele ya Jenerali, mistari mizuri ya kuonekana. Jioni nyumbani aliingia chooni na mfuko wake, akafunga mlango, akafungua bomba la maji ili mkewe asisikie, kana kwamba uzi ukifumuliwa unapiga kelele, akavuta na kuvuta mpaka kazi ya mchana ikawa bonge tena. Mkewe alipoona mumewe anakaa chooni kila jioni huku maji yakimwagika, alimnunulia dawa ya tumbo. Fundi hakuwa na namna ya kuikataa. Aliinywa, ikamfunga tumbo, na kwa siku mbili zilizofuata chooni aliingia kwa ajili ya uzi tu.

Mtu aliyemsubiri Mstaafu, Fundi alimpa jina la Mwombaji, na alimchukia vizuri sana. Alimuona kichwani kama bwana mwenye kitambi na gari lenye viti visafi, atakayembadilishia Mstaafu jina na kumwita Simba. Mwombaji alikuja siku za Alhamisi, siku ambayo Fundi alikuwa kliniki kwa ajili ya mkono, na kila Ijumaa mdomo wa Mstaafu ulinuka maini. Fundi aliunusa huo mdomo kama askari wa barabarani anayemshuku dereva, akathibitisha kwamba mpinzani wake anatoa rushwa. Rushwa hiyo ilimkera zaidi kwa sababu nyumbani nako maini yalikuwa yamepungua. Alipolalamika kwamba sahani yake ina vipande vitatu tu, mkewe alisema maini ya siku hizi yana maji mengi, yakipikwa yananywea.

Blanketi likaingia mwezi wa pili bila kukua. Daktari alimkumbusha kwa upole, akisema Mwombaji anauliza kila wiki. Fundi alisingizia mkono. Mkewe naye alimuuliza mara moja, akilishika lile blanketi kwa vidole viwili, kwamba ni la nani hili lisilokwisha. Fundi akakaza uso, akajibu kwa sauti ya mtu asiyejali kitu duniani. "La mbwa mmoja tu huko. Hana haraka, na mimi sina." Mkewe akaliweka chini, akatoka. Fundi alijisifu moyoni kwa jinsi alivyodanganya vizuri. Hakujua kwamba ulikuwa uongo bora wa maisha yake, na kwamba ungemgharimu.

Siku chache baadaye, asubuhi ya baridi kali, Jenerali aliketi karibu naye, akalichukua bonge la uzi wa kijani kutoka mfukoni mwake bila kuomba, akavuta uzi kidogo na kuunyoosha juu ya meza. Uzi haukunyooka. Ulijikunja vijipinda vidogovidogo, mwanzo mpaka mwisho.

"Fundi," akasema, "uzi mpya hulala. Huu umejikunja kama nywele zilizofumuliwa msuko. Unafuma hapa, unafumua kwako."

Fundi alifikiria kusingizia mkono. Kisha akaona kwamba mtu aliyezalisha nusu ya mji huu hawezi kudanganywa na mkono.

"Basi hongera," Jenerali akaendelea, na hakuwa anatania. "Umeshinda. Mwombaji amejitoa jana."

Kwa nukta moja Fundi alifurahi. Baadaye, kila alipoyapanga makosa yake kwa ukubwa, hiyo nukta aliiweka juu kabisa. Maana Jenerali hakuwa amemaliza. Baridi ilikuwa imejaza kituo, na wanyama wazee ambao hawana mtu walikuwa wanahamishiwa shamba moja la mbali sana, ambako kuna nafasi. Lori linakuja kesho asubuhi. Mstaafu yumo, awe na blanketi asiwe nalo.

Fundi aligeuka kumtafuta. Mbwa alikuwa amelala kwenye kona yake, kwenye saruji, juu ya gunia lililokunjwa. Wenzake wote, mpaka yule paka wa hasira, walikuwa juu ya sufu. Yeye peke yake ndiye aliyepitisha miezi miwili ya baridi bila blanketi, kwa sababu mtu aliyempenda alikuwa analifumua chooni. Fundi hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja. Aliona aibu iliyomwingia mpaka tumboni, na safari hii hapakuwa na dawa.

Akafuma. Hakwenda kula, hakwenda nje, hakuinua kichwa. Mkono uliuma, akauacha uume. Baadaye kidogo Jenerali alivuta kiti upande wa pili wa blanketi, akachomoa sindano yake na kuanza pindo kutoka kule, bila neno, nao wakawa wanasogeleana mstari kwa mstari mpaka viwiko vyao vikagongana. Ilikuwa imeshapita saa nane mchana walipokata uzi.

Fundi alilitandika mwenyewe. Mstaafu aliinuka kwa shida, akalizunguka, akalinusa, akajitupa juu yake kama mtu aliyesafiri mbali. Fundi akaenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga: kosa ni langu, blanketi lilichelewa kwa makusudi, huyo mtu ni mwema na mimi ni mpumbavu, tafadhali mpigie nimwombe radhi, nimwombe aje amchukue leo hii.

Daktari alimtazama kwa namna ambayo hakuielewa. Kisha akabonyeza simu, akampa.

Simu iliita mara mbili. Upande wa pili mtu akapokea, akasema, "Haloo, Daktari. Tafadhali usije ukamwambia mzee kwamba nilikuja."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Fundi alikata simu kama mwizi aliyewashiwa taa.

Daktari akamweleza polepole. Mama alikuja kituoni mara ya kwanza akiwa na suruali ya mumewe mkononi, yenye manyoya ya kahawia, akauliza ni yupi kati ya hawa. Akaonyeshwa. Akataka kumfanyia mumewe jambo la kumfurahisha, akaomba iwe siri, na kila Alhamisi alikuja na maini ili mbwa amzoee. Jana alikuja mara ya mwisho. Daktari aliyakumbuka maneno yake yote.

"Alisema, 'Mume wangu akikitaka kitu, hukimaliza. Lifti ya jengo zima aliimaliza siku moja. Blanketi la mbwa mmoja limemshinda miezi miwili, na nilipomuuliza alisema hana haraka. Basi nimekosea, hataki mbwa, na sitamletea nyumbani kitu asichokitaka.'"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wamesema, na kwa Fundi kilikuwa kimo ndani ya nguo kabisa, kimevaa viatu vyake. Yule bwana mwenye kitambi, gari lake, viti vyake visafi, vyote vikayeyuka, akabaki yeye na maini yake aliyonyimwa kwa haki.

Njiani alitunga hotuba. Ilianza na usalama wa nyumba, ikaja faida za kutembea kwa watu wa umri wao, ikagusia wizi uliozidi mitaani. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye kila kitu isipokuwa ukweli. Alimkuta mkewe jikoni, amempa mgongo, anasugua sufuria, na hotuba nzima ikamkimbia.

"Namtaka yule mbwa," akasema.

Mkewe hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba alimpa miezi miwili ya kumtaka. Hapo Fundi akamwambia yote: mlango, bomba, uzi, Mwombaji mwenye kitambi, lori la kesho. Alipofika kwenye dawa ya tumbo, kusugua kulisimama. Mkewe aligeuka, akauliza kama aliinywa kweli. Fundi akasema aliinywa, chupa nzima. Mkewe akacheka mpaka akatafuta kiti, akacheka akiwa ameketi, kisha kicheko kikakatika, na Fundi akaona kwamba macho yake yamelowa na si kwa kucheka.

"Baba Watoto," akasema, "miaka yote hii najua usichokitaka. Hiki hutaki, kile hutaki, vyote ninavyo kichwani. Unachokitaka sijawahi kukijua, kumbe ukikipenda kitu unakwenda kukifumulia chooni. Kuna kingine? Sema leo. Nimechoka kubahatisha."

Fundi alisimama na mikono yake miwili isiyo na sindano. Alikuwa amewahi kuning'inia kwenye kamba juu ya shimo la ghorofa kumi na mbili, na hakuwahi kuogopa hivi.

"Wewe," akaiambia sufuria.

"Sufuria haina masikio," mkewe akasema. "Niambie mimi."

Akamwambia. Halafu wakavaa viatu wakatoka, wakitembea haraka kuliko magoti yao yalivyopenda, kwa sababu kituo kilifungwa saa kumi na moja.